Ramani Iliyobaki Kichwani mwa Shangazi

Kila asubuhi, katika nyumba yetu mpya ya Kizingo, shangazi yangu alivaa buibui lake, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akangoja wenye nyumba watokee ili awaage. Hakuweza kuondoka nyumbani kwa watu bila kushukuru. Akimwona mama anapita na sufuria ya chai, alimwita kwa sauti ya chini.

"Wifi, hawa wenyewe hawajaamka? Tumewakalia sana watu. Twende zetu."

"Wenyewe ni sisi, wifi," mama alimjibu. "Hapa ni kwetu sasa. Tumehamia."

"Tumehamia? Lini? Na mimi mbona sikuambiwa?"

Mama alimweleza. Shangazi alitikisa kichwa, akasema nyumba ni nzuri, ina hewa, Mungu aitie baraka. Kisha alikunywa chai, na kabla kikombe hakijapoa akaliweka sawa buibui lake kichwani na kuuliza kama wenyewe wameamka.

Ilikuwa ni ile miaka ya kwanza baada ya uhuru. Baba, karani wa serikali, alikuwa amepandishwa cheo na kupewa nyumba katika mitaa ile ya miti mikubwa na barabara pana, ambako kabla ya hapo watu kama sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma tu. Sisi watoto tuliona tumefika peponi. Kulikuwa na bustani, na maji ya bomba ndani. Lakini hakukuwa na baraza hata moja, na mtu hakuonekana akitembea kwa miguu ila ana shughuli maalumu. Nyumba zote zilifanana, kila moja imejificha nyuma ya ua wake wa michongoma.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane, na tangu nipate akili alikuwa akikaa nasi Kibokoni, katika nyumba ya ukoo karibu na bandari ya zamani. Mwaka mmoja kabla ya kuhama alishikwa na homa kali iliyompanda kichwani. Alilazwa hospitali, akaweweseka, akafika mahali pa kusomewa Yasini. Kisha homa ikashuka na shangazi akarudi nyumbani, uso ule ule na ulimi ule ule wa mzaha. Alijua majina ya watoto wa jirani waliozaliwa kabla ya homa, alijua kudarizi kofia za vito kwa mkono usiotetemeka, alijua dua zake zote. Kilichompotea ni mambo mapya. Ukimpa habari, akigeuka tu imekwisha. Daktari alimwambia baba kwamba homa imekula sehemu fulani ya ubongo na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kibokoni tulilichukulia jambo hili kwa wepesi. Alisimulia kisa kile kile mara mbili, akasahau kwamba amekwisha kula, basi. Alienda msikitini kusikiliza darsa, alienda kwa shoga zake, akarudi. Ni Kizingo ndiko tulikouona ugonjwa wenyewe. Hakuweza kujifunza choo kiko wapi. Alitoka chumbani akasimama kwenye ukumbi mdogo wenye milango pande zote, akiitazama milango ile kama mtu aliyeteremka stesheni siyo yake. Mama alifunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa choo. Shangazi alikisifu kitambaa, akafungua mlango wa stoo.

Wakati huo mimi nilikuwa kidato cha tatu katika skuli ya wasichana, na tulikuwa tumeletewa mwalimu mpya wa bayolojia, msichana wa bara, ametoka chuo kikuu juzi tu. Walimu waliomtangulia walituandikisha maneno ubaoni mpaka vidole vikauma. Huyu siku moja alikuja na kikapu, akakifungua, na humo mlikuwa na vichwa vya mbuzi kutoka soko la Markiti, vimekwisha pasuliwa na muuza nyama. Wasichana walipiga mayowe. Mwingine alikimbilia dirishani. Mimi nilisogea mbele.

Tulipewa ubongo mmoja kila meza, katika sinia. Mwalimu alituonyesha jinsi ya kuukata polepole kutoka juu na kuifunua nafasi iliyo ndani, na humo, ikiwa imelala chini kama kitu kilichofichwa kwa makusudi, tukaona sehemu nyeupe, laini, iliyojikunja.

"Waliouchunguza ubongo wa binadamu zamani," alisema, akiacha Kiingereza cha somo na kuingia Kiswahili chake cha bara, "waliona kitu hiki kinafanana na farasi wa bahari. Yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi na mkia uliojikunja. Wakakiita hivyo hivyo. Na nyinyi mnaye, mmoja kila upande wa kichwa."

"Kina kazi gani?" nikauliza.

"Kuna wagonjwa walioharibika hapo pande zote mbili. Wanaongea vizuri, wana akili zao, lakini hawawezi kuweka jambo jipya. Ukitoka chumbani ukarudi, wanakusalimu kama mgeni."

Nilikamata ukingo wa meza. Alikuwa anamsema shangazi yangu! Mtu aliyetoka mbali, ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwetu, alikuwa amesimama mbele ya sinia la ubongo wa mbuzi akinisimulia asubuhi zetu za Kizingo. Sikusikia tena chochote katika somo lile. Nilikitazama kile kitu cheupe, nikafikiri, humu ndimo.

Jumamosi ya wiki ile ile, baada ya swala ya alasiri, shangazi alitoweka.

Mama alikuwa jikoni anakaanga viazi. Alipokuja ukumbini akakuta kiti cha mlangoni kitupu na mlango uko wazi. Tulimwita bustanini. Tuliuliza mabawabu wa nyumba za jirani. Baba alirudi kutoka kazini akatukuta barabarani, mama hana hata viatu, akageuza gari aliloazimwa na rafiki yake akaanza kuzunguka mitaa. Nilimsikia akisema peke yake, "Atagongwa. Hii Kizingo hajui hata inakoanzia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Kweli, Kizingo hakuijua. Kwa hiyo angetembea tu, kokote, mpaka aone kitu anachokijua. Na kitu gani katika pande zile alikijua tangu utotoni, kikubwa kiasi kwamba hakikosekani? Nilianza kukimbia kuelekea Ngome ya Yesu.

Nilipofika, kijasho kinanitoka, kulikuwa na wauza vinyago wamepanga vitu vyao kivulini mwa ukuta. Nilimwuliza mmoja kama amemwona mama wa makamo, mfupi, buibui limefifia rangi kidogo.

"Huyo amepita sasa hivi," akasema, akicheka. "Kaniuliza njia ya Ngomeni iko wapi. Nikamwambia, mama, geuka nyuma. Akageuka, akaiona Ngome yote ile juu yake, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaenda zake kule mjini, mbio mbio kama amechelewa."

Nilimkuta mwanzo wa vichochoro. Nilitaka kumwita, na jina lilikuwa mdomoni. Lakini nilipomwona mwendo wake nikanyamaza. Huyu hakuwa yule mwanamke wa Kizingo aliyeburura ndara akishika kuta. Alikuwa akikata kona bila kupunguza mwendo, bega likipita karibu na ukuta bila kuugusa. Alimsalimu mzee aliyekaa barazani, akamwuliza hali ya mkewe kwa jina. Akapita chini ya roshani iliyoinama, akainamisha kichwa kabla hajaitazama. Nikamfuata kwa mbali, moyo unanidunda kama niko katika mchezo wa kujificha.

Kisha tukafika mahali ambapo kichochoro kilikuwa kimezibwa. Nyumba moja ilikuwa ikitengenezwa, na mawe na chokaa vilikuwa vimemwagwa kutoka ukuta huu hadi ule. Hilo lilikuwa jambo jipya. Shangazi alisimama. Alilitazama rundo lile, akatazama juu, na mimi nikasema moyoni, basi, hapa ndipo atakapopotea.

Hakupotea. Alirudi nyuma kidogo, akaingia katika upenyo wa kando ya birika la msikiti ambao mimi, mzaliwa wa Kibokoni, sikujua kama unatoboa. Nikamkimbilia. Tukapita nyuma ya karakana ya seremala, harufu ya mbao mbichi, tukatokea upande wa pili wa lile rundo, ng'ambo kabisa, hatua chache kutoka mlango wa nyumba ya ukoo.

Sijui nitaelezaje furaha iliyonipata pale. Ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha. Kama shangazi angekuwa ameshika mazoea tu ya miguu, kona hii kisha kona ile, angekwama kwenye mawe. Lakini alikuwa na Kibokoni nzima kichwani, pamoja na njia ambazo hakuwa akizipita. Homa haikuigusa. Kilichoharibika kilikuwa uwezo wa kutengeneza ramani mpya, na ile ya zamani ilikuwa imekwisha wekwa mahali pengine, salama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na nilikuwa nimeona jambo hili kwa macho yangu mwenyewe, katika kichochoro.

Ndani ya nyumba alikuwa akiishi bibi mmoja wa ukoo wetu, binamu yake baba na shangazi, aliyebaki kuitunza tulipohama. Nilipoingia, shangazi amekwisha vua buibui na yumo jikoni ananung'unika.

"Nani amehamisha kinu? Kinu mahali pake ni hapa." Akaniona. "Ah, wewe! Mbona wahema hivyo? Ndoo hapa, kaa. Ulikuwa wapi kutwa kucha?"

"Nilikuwa nakutafuta, shangazi."

"Unitafute mimi? Mimi niko kwetu. Wewe ndiye uliyepotea."

Bibi akamtuma mtu akamtafute baba. Alipofika alikuwa amekasirika kwa ile hasira ya mtu aliyeogopa. Alitaka kumshika dada yake mkono amrudishe garini mara moja. Nikasimama mbele yake. Katika nyumba yetu mtoto wa kike hakusimama mbele ya baba, lakini sikuweza kujizuia.

"Baba, hapa hajapotea. Kule kwetu ndiko anakopotea kila siku. Mwache akuonyeshe."

"Anionyeshe nini? Daktari alisema kumbukumbu zimekwisha."

"Hazikwisha. Mpya ndizo haziingii. Gari umeliacha wapi?"

"Ngomeni."

"Mwambie akupeleke."

Baba alinitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa akipiga kinu kumbo kukirudisha mahali pake. Mwishowe akasema kwa sauti ya kinyonge, "Dada, nataka kwenda Ngomeni, lakini njia imezibwa na mawe. Utanipitisha wapi?"

Shangazi alifuta mikono. "Na wewe umekuwa mgeni? Twende."

Hakumpitisha kwa seremala, kwa sababu, alisema, saa ile wanafagia na vumbi litamharibia baba shati. Alimpitisha upande wa pili kabisa, karibu na bandari, kisha akamwingiza katika mwanya kati ya kuta mbili, mwembamba kiasi kwamba baba ilimbidi aende kwa ubavu. Katikati ya mwanya ule baba akasimama. Nilifikiri amekwama. Kumbe anacheka.

"Hapa!" alisema. "Hapa ndipo tulipokuwa tukijificha tukitoroka chuo cha Kurani!"

"Na mwalimu akakushika kanzu," shangazi akasema mbele yake, bila kugeuka. "Ukalia. Mimi nikatokea upande ule."

"Wewe ukaniacha!"

"Nikakuacha. Ulikuwa mnene."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akicheka hivyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya muda hatukujua tena ni machozi ya nini. Tangu homa ile alikuwa amekwisha mlilia dada yake kama maiti, na sasa dada huyo alikuwa akimburura kwa mkono wa shati kati ya kuta mbili, akimsema kwa unene wake wa utotoni. Tulipotokea upande wa Ngome, baba hakumwingiza garini. Alikaa kwenye ukuta mfupi pembeni yake, wakaongea mpaka adhana ya magharibi.

Shangazi alirudishwa Kibokoni ndani ya wiki moja. Bibi alikubali kukaa naye kwa furaha, maana nyumba kubwa ilimpwaya. Baba alitoa masharti mawili: kinu kisihamishwe, wala kitanda, wala ndoo ya maji, wala chochote alichokijua shangazi kabla ya homa, na majirani wote waambiwe hali yake. Kila siku baada ya kazi alipitia kumsalimu. Mimi nilikuwa huko kila Jumamosi.

Jumatatu baada ya siku ile ya mawe nilimvizia mwalimu mlangoni kabla ya kengele, nikamwaga habari yote bila kupumua: kiti cha mlangoni, Ngome, rundo la mawe, upenyo wa birikani. Aliweka vitabu chini. Akaniuliza maswali mengi, hasa juu ya lile rundo.

"Alisimama? Akafikiri? Kisha akachagua?"

"Ndiyo, mwalimu. Na aliporudi akachagua njia nyingine tena."

"Lo!" akasema. Macho yalimwaka. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache tu na saa ile tulikuwa kama wasichana wawili wenye siri moja.

"Sasa hiyo ramani ikoje, mwalimu? Ndani ya ubongo mna nini hasa? Mna picha? Seli zinajuaje kwamba hapa ni msikitini na pale ni kwa seremala?"

"Sijui," akasema. "Na nadhani hakuna anayejua. Bado."

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia sijui. Nilitembea kwenda darasani miguu haigusi chini. Kulikuwa na kitu kikubwa kama hicho, ndani ya kichwa cha kila mtu aliyepita barabarani, na ulimwengu mzima ulikuwa haujakijua!

Jibu, au mwanzo wa jibu, lilikuja baadaye, nikiwa mwenyewe nimekwisha kuwa mwalimu wa bayolojia. Nilisoma kwamba watafiti waliingiza nyaya nyembamba kuliko unywele katika farasi wa bahari wa panya, wakamwacha panya atembee, wakazisikiliza seli. Seli moja ilikuwa kimya, kimya, kisha panya akifika pembe fulani inalia kwa mfululizo. Akiondoka pale inanyamaza, na nyingine inapokea. Kila seli na mahali pake. Baadaye tena wakagundua, jirani na hapo, seli zinazolia kwa mpango kama wa sega la asali, zikiupima uwanja wote anaotembea panya. Nilisoma habari ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikatoka nje nikatembea. Nilijiona nikipita Kibokoni na nyuma ya paji langu seli zinaitikiana, wewe hapa, mimi pale. Bado wataalamu wanabishana jinsi ramani ya zamani inavyoishi mtu akiharibika pale ilipotengenezwa. Nami ninapowasikia wakibishana nina hamu ya kuwauliza kama wamewahi kumfuata mtu katika kichochoro kilichozibwa.

Lakini niseme yaliyotokea kwa mwalimu. Aliomba kuja kumwona shangazi, na Jumamosi moja nikamleta. Yeye mwenyewe alikuwa haujui Mji wa Kale. Alikiri kwamba kila akiingia hutoka mahali asipotarajia. Shangazi alimkaribisha, akampa kahawa na kaimati, na aliposikia kwamba mgeni haijui mitaa akavaa buibui. Alimzungusha Kibokoni yote: huku ndiko kwa mfua fedha, hapa kisima cha zamani, njia hii inakupeleka sokoni lakini ile ina kivuli. Jumamosi iliyofuata mwalimu akaja tena, na shangazi akamwambia karibu mgeni, jina lako nani mwanangu, unaijua mitaa yetu? Huijui? Ngoja nivae buibui. Na ikawa hivyo kila wiki, kwa miezi mingi. Mwalimu hakuwahi kumsahihisha. Kila mara alijibu jina lake kama anaulizwa mara ya kwanza.

Jumamosi moja nilichelewa. Nilipofika nyumbani kwa shangazi nilimkuta mwalimu yuko barazani, amevua viatu, ana kikombe mkononi. Alikuwa amekuja peke yake, kutoka Ngomeni, kwa njia ya birikani, bila kumwuliza mtu hata mmoja. Alikuwa anang'aa kwa fahari. Shangazi alikuwa akimtazama kwa mshangao.

"Mgeni huyu," aliniambia, "kaja peke yake. Mtu wa bara, hajui mji, na kapita njia ya ndani. Nani aliyekuonyesha, mwanangu?"

"Wewe, mama," mwalimu akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Mara nyingi."

Shangazi alifikiri kidogo. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika kiuno, akampiga mwalimu kofi dogo la gotini.

"Basi nilikuonyesha vizuri," akasema, na akanyanyuka kumwongezea kahawa.